Kalamu na bunduki: 'Battlestar Galactica' na Bunge la Nyandarua

Wahakiki wenzangu wa Kiswahili wana kasumba ya kuzidharau bunilizi za kisayansi za runinga. Ati ni michezo ya watoto: vyombo vya angani, maroboti na milipuko. Nakubali kwamba nyingi ndivyo zilivyo. Lakini mfululizo wa Marekani uitwao Battlestar Galactica, ulioonyeshwa kati ya 2004 na 2009, unauliza swali ambalo sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya tuna sababu ya kulisikiliza: vita vikipamba moto, nani mwenye neno la mwisho, raia au mwanajeshi?

Kisa chenyewe ni hiki. Maroboti yaliyoundwa na binadamu yanawageukia mabwana wao na kuangamiza koloni zao zote 12. Wanaosalia ni watu wapatao 50,000, wakitoroka angani katika msafara wa vyombo vya kila aina, wakilindwa na manowari moja ya kivita. Serikali karibu yote imekufa. Anayeapishwa kuwa rais ni waziri wa elimu, Laura Roslin, aliyekuwa wa 43 katika orodha ya kurithi kiti. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu. Kamanda wa manowari, William Adama, anaona kinaya kikubwa: vita ni vya kufa na kupona, halafu amri itoke kwa mwalimu wa shule!

Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Adama anatuma wanajeshi wamtie rais mbaroni kwa kumshawishi rubani akiuke amri ya kijeshi. Baadaye Adama akiwa mahututi kwa risasi, naibu wake anatangaza sheria ya kijeshi. Wanajeshi wanatumwa kwenye chombo cha raia waliogoma kutoa bidhaa zao, wanaingiwa na hofu, wanafyatua risasi na raia wanne wanauawa. Somo liko wazi: mtu aliyefunzwa kupambana na adui akipewa kazi ya polisi, hakawii kumwona mwananchi kuwa adui.

Nawasifu watunzi kwa kutomfanya Roslin malaika. Uchaguzi unapofika, wasaidizi wake wanajaribu kuiba kura, naye anajua. Adama ndiye anayemkabili mpaka anakubali kushindwa. Kumbe mamlaka ya kiraia nayo huhitaji kuzuiwa.

Hata hivyo, mfululizo huu una udhaifu ambao mashabiki wake hawapendi kuutaja. Adama anarudi kwenye mstari kwa sababu ana moyo mzuri na kwa sababu yeye na Roslin wanaishia kupendana. Hebu mtazame Admirali Cain, kamanda wa manowari ya pili. Yeye alivikuta vyombo vya raia, akang'oa vipuri alivyovihitaji, akawachukua watu wenye manufaa kwake, akawaacha waliobaki wafie angani. Cain na Adama wamelelewa na jeshi moja, chini ya sheria moja. Kinachowatofautisha ni tabia tu. Ikiwa usalama wa raia unategemea tabia ya kamanda aliyewaangukia, basi raia hao wanaishi kwa bahati.

Sisi tuna kisa chetu cha kweli cha kupimia jambo hili, nacho kilitokea katika misitu tunayoiona kutoka Nyeri. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alisoma Tumutumu na baadaye akafundisha huko. Kabla ya kuingia msituni alikuwa katibu wa chama cha KAU upande wa Ol Kalou na Thomson's Falls, Nyahururu ya leo. Agosti 1953, katika mkutano wa Mwathe, wapiganaji waliunda Baraza la Ulinzi. Februari 1954 likafuatwa na Bunge la Kenya, Kimathi akiwa waziri mkuu. Watu waliokuwa wakiangushiwa mabomu na ndege za Waingereza, wakila asali na nyama ya mwitu, walikaa chini wakaunda bunge! Sijui mtunzi wa bunilizi ambaye angethubutu kubuni jambo hilo.

Lakini waziri mkuu huyo alikuwa pia mkuu wa wapiganaji, yaani Adama na Roslin katika mwili mmoja. Bunge lilipotaka kumrudi jemadari, lingemwambia nani? Upinzani ukatoka kwa Stanley Mathenge, naye mtu wa Nyeri, aliyepigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Kufikia 1955 alikuwa upande wa kundi lililoitwa Kenya Riigi. Riigi ni mlango wa nyumba ya jadi ya Agikuyu. Wengi wao hawakuwa wamesoma, na lalamiko lao lilikuwa kwamba wanaojua kuandika wamejitwalia uongozi. Katika kipindi cha mazungumzo ya kujisalimisha, pande hizo mbili ziliviziana kama maadui.

Hapa ndipo Battlestar Galactica inapoishiwa na maarifa. Katika msafara ule, hatuoni mtu ananyimwa sauti kwa kuwa hajui kusoma. Nyandarua, kalamu ilikuwa silaha kama bunduki. Tena tuangalie kisa hiki kimetufikiaje. Simulizi tunayoitegemea zaidi ni ya Karari Njama, mwalimu na mwandani wa Kimathi, katika kitabu alichotoa na Donald Barnett mwaka 1966. Ni kitabu cha thamani kubwa, lakini ni cha upande wa Bunge. Riigi hawakuacha kumbukumbu za aina hiyo. Tunamhukumu Mathenge kwa ushahidi wa wapinzani wake, na msomaji makini hana budi kulikumbuka hilo.

Hata maneno yetu yamebeba ugomvi huu. 'Raia' tumelitoa katika Kiarabu, ambako asili yake ni kundi linalochungwa. 'Afande' limetoka kwa Waturuki, ambao neno lao efendi lilikuwa heshima ya mtu aliyesoma, karani au mwanachuoni. Likapita kwa wanajeshi wa Misri na Sudan hadi kwetu, na leo ndilo tunalomwitia mwenye bunduki barabarani. Heshima ya kalamu imehamia kwenye mtutu.

Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, alishtakiwa hapa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi bila idhini halali. Mahakama ya mkoloni haikutaka kujua habari za waziri mkuu. Iliona bastola tu. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ambayo Kiswahili chake ni Mzalendo Kimathi, ilimrudishia hadhi mbele ya mahakama hiyo. Bado nangoja tamthilia ya Kiswahili itakayompandisha Mathenge jukwaani na kumwachia aseme yake yote.

Msiseme haya ni mambo ya kale. Katiba ya 2010, kifungu cha 239, inasema vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge, serikali ilitangaza kuwatuma wanajeshi kuwasaidia polisi. Idhini ya Bunge la Taifa ilipatikana kesho yake, na Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani. Kuna walioona huo ni usumbufu wa makaratasi wakati nyumba inaungua. Mimi naona makaratasi hayo ndiyo tofauti kati yetu na raia wa Admirali Cain. Kamanda mwema akistaafu, kinachobaki kumfunga atakayemfuata ni yale yaliyoandikwa, mradi kila mwananchi, aliyesoma na asiyesoma, ayaelewe kwa lugha anayoizungumza.