Mwaka 1888: Mahubiri ya Paris na Watu wa Ziwa Letu

Kila mara tunapofundisha historia ya Kanisa la inchi zetu, tunafika kwenye mwaka 1888, na kila mara tunasema neno lile lile: Kardinali Lavigerie alipanda mimbari ya kanisa la Saint-Sulpice, mjini Paris, tarehe 1 Julai, akalaani biashara ya watumwa, na Ulaya ikaamka. Neno hilo ni kweli. Lakini tumeyapima tena mahubiri yale hapa Luvungi, na tunaona kwamba tumezoea kufundisha nusu tu.

Kwanza tutoe sifa inayostahili. Siku zile Wafaransa waligawanyika: wengine walimfuata Jenerali Boulanger, wengine walitetea Jamhuri, na Wakatoliki wengi walikuwa wakimngoja mfalme. Katikati ya ugomvi huo, askofu mmoja aliwaomba wote waitazame Afrika. Tena hakusema maneno matupu. Kwa habari alizoandikiwa na wamisionari wake aliwaonyesha misafara, watu waliofungwa pamoja, wadhaifu waliouawa, na mifupa kando ya njia. Wala hakuwa peke yake: mwezi wa Mei Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa amewaandikia maaskofu wa Brazili barua In plurimis juu ya utumwa. Kisha Kardinali alikwenda London na Bruxelles. Mhubiri anayetaka kujifunza kugusa mioyo, amsome.

Lakini tuseme pia upungufu wake. Katika mahubiri yale watu weusi wana shingo, miguu na machozi. Majina hawana, sauti hawana. Na kumbe mwaka ule ule, kwenye ziwa letu, majina yalikuwako. Kule Mpala Kapiteni Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, alimwoa Agnes Atakaye, binti wa Kiafrika. Na waliolinda misioni pamoja naye walikuwa vijana wa inchi. Mwaka huo pia Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akingali mtoto, alitoka Malta na elimu ya uganga. Huko Karema, ng'ambo ya ziwa, alitibu wagonjwa mpaka alipokufa mwaka 1956. Hao si mzigo uliookolewa na wengine. Ni wafanya kazi wa ukombozi.

Upungufu wa pili ni kuwatwika Waarabu dhambi yote. Burton alifika Uvira mwaka 1858, akaandika kwamba mahali hapo palikuwa ghala kubwa la kaskazini la watumwa na pembe. Nani aliwaleta watu sokoni? Wangwana walikuwamo, na masultani wetu pia, waliouza watoto wa jirani. Mhubiri akilinyamaza jambo hili, anatuzoeza kutafuta adui mbali, wakati dhambi inakaa mlangoni petu.

Upungufu wa tatu ni kutumaini bunduki kupita kiasi. Kweli, Mkutano wa Bruxelles wa 1889–1890 uliweka sheria dhidi ya biashara ya watumwa. Lakini mkutano ule ule ulimruhusu Leopold II kutoza ushuru kwa mali iliyoingia Kongo. Na chini ya bendera ya kufuta utumwa, watu walilazimishwa kuleta mpira kwa fimbo. Kardinali alikufa mwaka 1892. Hatumhukumu kwa matendo ya mwingine. Tunasema tu kwamba neno jema likikabidhiwa wenye nguvu, lataka kulindwa.

Kwa nini tunasumbuka na mwaka wa zamani hivi? Sababu Wakristu wetu wa bonde la Ruzizi wamekimbia vita mara nyingi, na mara nyingi wamesikia wakihesabiwa katika hotuba za watu wa mbali, bila kuitwa kwa jina. Sisi mapadri tusiwafanyie vile vile.

Agnes Atakaye alizaa mwana, Albert, akawa padri. Tarehe 28 Novemba 1964 aliuawa Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè. Siku hiyo hiyo Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, wote wanne walitangazwa wenye heri. Anayefundisha mwaka 1888, aanze Paris akitaka. Lakini asimalize kabla ya kufika Mpala na Fizi.