Sura Mbili Katika Filamu Moja

Mzee alizima taa ya nyuma, akamwambia kijana asitabasamu bado. Studio yake ni chumba kimoja mjini Kericho, na pazia lake jeusi ni la mahameli nzito isiyorudisha mwanga hata chembe. Alimshika kijana kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza polepole kuelekea taa ya pembeni iliyozibwa kwa karatasi nyembamba, mpaka kwenye shavu lililokuwa kivulini pakatokea pembetatu ndogo ya mwanga, chini tu ya jicho. Hapo ndipo alipofyatua. Kijana akataka kuinuka. "Kaa, mwanangu. Hiyo ni nusu."

Nusu ya pili ndiyo ufundi wenyewe. Filamu haikusogezwa. Mzee alihamisha kiti upande wa kulia, akamkalisha kijana ubavu, akahamisha na taa, akafyatua tena palepale. Picha ikisafishwa, mtu huyo ataonekana akijitazama. Siri ni lile pazia: penye weusi filamu haijaguswa, kwa hiyo sura ya pili hupata pa kukaa. Fundi akitaka sura ziingiliane, kila moja huipa nusu ya mwanga, la sivyo nyuso huungua zikawa nyeupe pe. Tena hana pa kuhakikishia. Lilipoishia sikio la sura ya kwanza ni lazima apakumbuke, au aweke alama ya kalamu kwenye kioo anachochungulia.

Pwani ilikuwa na mabingwa wake. N. V. Parekh alifungua studio Mombasa mwaka 1942, na nyuso alizozipiga zina vivuli vya kuvutia kama vya waigizaji wa sinema. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe, akaunganisha picha kwa ustadi hadi mtu akaonekana amechanua ndani ya ua. Huku kwetu bara majina ya mafundi hayakuandikwa popote, jambo linaloniuma, maana wateja walikuwa tele. Tangu makampuni yalipoanza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, watu walikuja kuchuma majani kutoka kila upande, na mwisho wa mwezi mchumaji alivaa nguo yake nzuri akaenda kupigwa picha ya kutuma nyumbani. Mama yake hakuwa na njia nyingine ya kujua kama mwanawe amenenepa au amekonda.

Ndiyo maana taa ilipangwa kwa heshima. Ngozi nyeusi haitaki kumulikwa usoni moja kwa moja. Flashi iliyobandikwa juu ya kamera hufuta mfupa wa shavu na kuacha kipaji kinang'aa tu. Inataka mwanga wa pembeni, mpana, utambae taratibu. Mafundi wa Kericho, Litein na Sotik waliyajua haya bila darasa, kwa kutazama nyuso za watu wao.

Leo mteja huingia kuchukua picha za paspoti, hukaa mbele ya ukuta mweupe, humulikwa, huondoka. Simu inaunganisha picha mbili kwa mguso wa kidole, na anayeigusa hajaulizwa mwanga ulitoka wapi. Mashambani nako mashine zimechukua nafasi ya wachumaji wengi, na hao ndio waliojaza mabenchi ya studio mwisho wa mwezi. Filamu yenyewe sasa ni ya kuagiza Nairobi, kwa bei inayokatisha tamaa.

Vyuo vya ufundi tunavyo, Kericho na Bomet pia. Vinafundisha kushona, kuchomelea, kutengeneza magari. Sijaona kimoja kilichomwita mzee wa aina hii akaja na taa zake mbili na pazia lake, akawasimamisha vijana nyuma ya kamera, akawaonyesha kidevu kinavyogeuzwa. Mikono yake imeanza kutetemeka, na hana mwanafunzi.