Kupiga na Kupika: Juu ya Picha za Magari ya Mbio Usiku

Uhakiki wa Kiswahili, kama unavyofundishwa katika vyuo vyetu, umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Picha ya kamera imeachiwa magazeti na wenye studio. Makala haya yanachagua aina moja tu ya picha, tena finyu: picha ya gari la mbio iliyochukuliwa usiku, mahali penye mwanga hafifu. Picha ya namna hiyo hushindikana mara nyingi, na sababu za kushindikana kwake zinaweza kuelezwa bila kubahatisha. Aidha, anayejaribu kuieleza kwa Kiswahili hugundua upesi kwamba kitenzi tunachokitumia sote kwa kazi hiyo hakitoshi.

Tuanze na chombo chenyewe. Bati la gari lililong'arishwa ni kioo: mwanga ukiliangukia, hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Kwa hiyo anayewasha flashi mbele ya gari hupata mojawapo ya mambo mawili. Ama mwanga humrudia yeye na kuacha doa jeupe juu ya boneti, ama huelekea pembeni na gari likabaki jeusi, isipokuwa vile vibao vyake vya namba, ambavyo vimeundwa kurudisha mwanga ulikotoka. Tena nguvu ya flashi hupungua haraka: umbali ukizidishwa mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Gari lina urefu wa mita 4 hivi; likichukuliwa kwa karibu, pua huungua na mkia humezwa na giza.

Uso wa mtu haufanyi hivyo. Ngozi na nguo hutawanya mwanga kila upande, na ndiyo maana flashi ilimfaa sana Jean Depara. Mpiga picha huyu, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki Kinshasa mwaka 1997, alizunguka usiku katika mabaa na kumbi za muziki za jiji hilo katika miaka ya 1950 na 1960, na mwanamuziki Franco alimfanya mpiga picha wake tangu 1954. Watu wake huchomoza kutoka gizani ghafla, meno na vitambaa viking'aa, na giza la nyuma yao halijali kitu. Hapo neno letu la kawaida, kupiga picha, linafaa kabisa. Mwanga unapiga, kitendo kimekwisha. Wanaoiga mbinu hiyo mbele ya gari wakitumaini matokeo yaleyale wanasahau kwamba Depara alikuwa na ngozi mbele yake, si chuma.

Mfano wa pili ni Brassaï, aliyetoa kitabu chake cha picha za usiku wa Paris mwaka 1933. Ndani ya mabaa naye alitumia mlipuko wa magnesi. Barabarani, hata hivyo, aliweka kamera juu ya miguu mitatu, akafungua kilango chake na kungoja, huku akipima muda kwa sigara: aina moja ya sigara kwa mwanga wa kadiri, nyingine nene zaidi kwa giza zito. Mwanga mdogo wa taa za gesi, ukungu na mawe yaliyolowa mvua ulijikusanya kidogo kidogo juu ya bamba la kioo. Je, hapo tuseme alipiga? Mtu aliyesimama akivuta sigara nzima hajapiga kitu.

Mwanaisimu atapinga mara moja kwamba si kila kupiga ni kwa ghafla. Tunapiga pasi kwa saa nzima, tunapiga soga usiku kucha, tunapiga magoti tukakaa hapo. Ni kweli, kitenzi hiki kimechakaa kwa matumizi mengi hata maana ya kugonga imefifia. Lakini katika kupiga picha haijafifia. Mwanafunzi akiambiwa apige picha, hunyanyua kamera au simu, hubonyeza, hushusha mkono. Lugha imemfundisha kwamba kazi ni ya nukta moja.

Sasa tutazame kusini. Kiswahili cha Lubumbashi hutamka k mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina g: ndege ni ndeke, mgeni ni mukeni, na kupiga ni kupika. Msemaji wa huko anayesema kupika picha ana maana ileile ya kupiga; yeye hafikirii chungu wala moto. Lakini masikio ya mtu wa pwani husikia jikoni, na mwalimu husahihisha kwa kalamu nyekundu. Napendekeza kalamu hiyo iwekwe chini mara hii moja. Picha ya Brassaï barabarani ilipikwa: iliachwa motoni hadi ikaiva, na mpishi alijua wakati wa kuiepua. Kuwa na vitenzi viwili, kupiga kwa mwanga wa flashi na kupika kwa mwanga unaokusanywa, kungemwezesha mhakiki kusema kwa neno moja jambo ambalo sasa linamgharimu sentensi tatu.

Kipimo cha pendekezo hili ni gari linalokwenda. Mashindano ya Safari yalianza 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo kadhaa yaliendeshwa wakati wa Pasaka, katika mvua, mchana na usiku. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa aina hiyohiyo: gari la mbio hasa, milango miwili, boneti ndefu, kiuno kifupi. Lakini katika kumbukumbu za watu Safari ni vumbi la mchana, twiga na mlima. Nusu ya mashindano, ile ya gizani, imeacha picha chache, na hilo si ajabu. Gari likienda kilomita 72 kwa saa hukata mita 20 kila sekunde. Kilango kikifunguka kwa thelathini ya sekunde, limekwisha sogea sentimita 67. Hakuna nafasi ya kuvuta sigara.

Hapo ndipo kupiga peke yake na kupika peke yake vinaposhindwa. Aliyesimama mbele hupata taa bila gari: duara nyeupe nne au sita, nyuma yake hakuna kitu. Aliyefungua kilango kwa sekunde nane hupata mistari myekundu juu ya lami. Mistari hiyo inapendwa sana siku hizi, nami nakiri imenichosha. Inaweza kuwa imeachwa na Porsche au na basi la abiria, picha haijui. Anayefaulu husimama ubavuni, huzungusha kamera akilifuata gari, na hubonyeza wakati taa zimekwisha mpita, ili mwanga unaogonga barabara na matone ya mvua urudi na kuchora ukingo wa paa na boneti. Gari linajimulika lenyewe. Wanafunzi wetu hupenda kutenga fani na maudhui kwa mstari katikati ya ukurasa. Kwa picha hii mstari huo haupiti popote, maana kinachoonyeshwa na kinachoonyesha ni kitu kimoja.

Pingamizi kubwa dhidi ya kupika picha halitoki katika sarufi. Kwa Kiswahili, habari iliyopikwa ni habari ya uongo. Pingamizi hili lilikuwa la mzaha zamani za filamu. Leo si mzaha tena. Tangu 2018 hivi, simu nyingi zimekuwa na mpango wa usiku ambao huchukua picha kadhaa mfululizo, huzipanga moja juu ya nyingine na kutoa picha moja angavu. Simu hupika bila kumwuliza mwenye chungu. Brassaï aliamua mwenyewe usiku wake uwe mweusi kiasi gani. Simu huamua kwamba usiku ni kasoro inayopaswa kurekebishwa.

Kisangani gari la mbio halisi ni adimu, lakini gari lolote lililooshwa kwa ajili ya harusi hupigwa picha kama la mbio, na mara nyingi jua limekwisha tua. Nimetazama picha nyingi za namna hiyo katika simu za wanafunzi. Bodi linang'aa sawasawa kutoka bampa hadi buti, rangi ya maua juu ya boneti ni kamili, hata nyufa za ukuta wa nyuma zinahesabika. Ila anga juu ya Makiso, ambayo saa hiyo ilikuwa nyeusi tii, imetoka buluu kama ya alfajiri. Mtu wa mji mwingine akiiona atadhani umeme ulikuwapo mtaa mzima.