Usiku Mmoja wa Marlene Dietrich: Namna ya Kumtumia Rafiki Mwenye Jina

Mtengenezaji filamu wa Isiolo mwenye rafiki nyota Nairobi huwa na siku moja tu ya kumpata. Safari ni kama kilomita 280, rafiki ana kazi zake, na mfuko hautoshi kumlipa anavyostahili. Siku hiyo itumike vipi ili ujio wake uinue filamu nzima, badala ya kuishia kwa watazamaji kunong'onezana, "Si ni fulani yule?"

Jibu bora ninalolijua limo katika Touch of Evil, filamu ya Marekani ya mwaka 1958. Orson Welles aliiongoza, akaandika upya hati yake, na kuigiza Hank Quinlan, mpelelezi mnene mwenye mazoea ya kupandikiza ushahidi. Studio ya Universal ilitumia dola 830,000 hivi. Waigizaji wakuu wengine walikuwa Charlton Heston na Janet Leigh. Kwa nafasi ndogo, Welles aliwaita marafiki: Joseph Cotten, mwenzake katika kundi la Mercury Theatre na filamu ya Citizen Kane, Mercedes McCambridge, waliyejuana kwenye redio, na Marlene Dietrich, ambaye mwaka 1943 Welles alikuwa "akimkata vipande viwili" katika maonyesho ya kiinimacho kwa wanajeshi.

Tazama kwanza alivyomkatia Dietrich nafasi yake. Tana, mhusika wake, hatoki kwenda kutafuta mtu, isipokuwa mwishoni kabisa. Ana nyumba yake yenye kinanda kinachojipiga chenyewe, na Quinlan ndiye anayemfuata huko. Kwa sehemu kubwa ni mahali pamoja na mtu mmoja wa kuzungumza naye: ndiyo maana inasimuliwa kwamba kazi yake ilikamilika kwa usiku mmoja. Dietrich alikuja na wigi nyeusi na mavazi aliyojikusanyia mwenyewe. Wakuu wa studio walishtuka walipomwona katika picha zilizokwisha kupigwa. Hawakujua kama yumo.

La pili ni uzito. Tana anapomwona Quinlan hamtambui mara moja, jinsi alivyonenepa. Hapo hapo tunajua walikuwa na lao zamani, wala haihitajiki hata picha moja ya kuturudisha nyuma. Watazamaji wa 1958 walizijua nyuso hizo mbili tangu enzi za ujana wao, na Welles akaufanya ujuzi huo kuwa sehemu ya hadithi. Mwishoni, Quinlan akiwa amekufa, Tana ndiye anayepewa neno la kumhukumu. Ana dakika chache tu, lakini zimewekwa pale ambapo filamu inaamua maana yake.

Kwa wale wawili wengine Welles alifanya kinyume. Cotten anapita kama ofisa kwenye eneo la mlipuko, na jina lake halikuandikwa katika orodha ya waigizaji. McCambridge alikatwa nywele papo hapo, zikapakwa rangi ya viatu, akavishwa koti la ngozi na kuwa kiongozi wa genge. Anatisha bila kutambulika. Kanuni ni wazi: ama umaarufu wa rafiki uutumie kwa ukamilifu, ama uufiche kabisa. Ukimwacha katikati, hadithi inasimama kumpisha.

Sasa tuirudishe Isiolo. Mandhari si tatizo. Hifadhi ya Shaba iliyoko huko iliwahi kubeba msimu mzima wa kipindi cha televisheni cha Survivor mwaka 2001. Tatizo ni muda na lugha. Usimpe mgeni nafasi ya mfugaji wa Kiborana kisha akakariri maneno asiyoyaelewa, kwa kuwa watazamaji wa nyumbani watamkamata kwa sentensi ya kwanza. Mpe nafasi ya mtu ambaye Kiswahili ni chake: mwenye hoteli karibu na stendi, daktari wa mifugo, au karani anayeandika mauzo katika soko la mifugo. Hao huketi mahali pamoja na watu huwafuata, kama Tana.

Siku ya kazi, kamera imwelekee yeye kwanza. Piga maneno yake yote, hata ya matukio matatu yaliyotengana katika hadithi, kwa kumbadilisha nguo tu. Nyuso za wanaomjibu zitapigwa kesho yake, mtu mwingine akiwa ameketi kwenye kiti chake. Na ingawa ni rafiki, makubaliano yaandikwe: saa za kazi, nauli, malazi, na jinsi jina na picha yake vitakavyotumika. Bango linalomkuza mtu wa dakika tatu humdanganya mnunuzi wa tiketi na kumtumia vibaya aliyekuja kwa moyo safi. Studio ilimtaja Dietrich kuwa nyota mgeni, na ndicho alichokuwa.

Basi andika sehemu ya rafiki yako kabla ya kumpigia simu. Akiuliza anakuja kufanya nini, uwe na kurasa tatu za kumtumia, na katika kurasa hizo pawe na jambo ambalo filamu yako haiwezi kulisema bila yeye.