Visu Viwili vya Kitenzi

Andika chanterions, yaani "tungeimba", halafu likate neno hilo. Sikio la Mfaransa hutoa silabi tatu: chan-te-rions. Mwanasarufi hutoa mofimu nne: chant-er-i-ons. Sasa linganisha mikato yenyewe: hakuna hata mmoja wa sikio uliopita pale ulipopita wa mwanasarufi. Neno ni lile lile, visu ni viwili, na fundi ni yule asiyevichanganya.

Mimi hupenda zaidi kisu cha maana, kwa sababu hufika hadi kwenye historia. Ile -er- ya katikati ni masalio ya -are, mwisho wa kitenzi cha Kilatini cantare, "kuimba". Wasemaji wa Kilatini cha baadaye walizoea cantare habeo, "nina kuimba", na maneno hayo mawili yakashikana hadi yakazaa chanterai, "nitaimba". (Wataalamu hueleza kwamba -ta- yetu nayo ilitoka kwenye -taka. Sisi tulianzia kwenye kutaka, wao kwenye kuwa na kitu.) Ile -i- ni ya wakati uliopita, ndiyo hiyo hiyo ya nous chantions. Basi ndani ya chanterions ujao na uliopita zimebanana ubavu kwa ubavu, ndipo ikapatikana hali ya masharti. Nafsi, -ons, imekaa mkiani. Sisi tungeitanguliza: tu-.

Kisu cha sauti nacho kina vituko vyake. Katika ils chantent, kitenzi ni silabi moja tu mdomoni. -Ent haisikiki kabisa. Lakini mshairi wa kale, mwenye mshororo wa mizani 12, akikiweka ndani ya mshororo hukihesabu silabi mbili, na akikiweka mwishoni, moja. Chantaient, yenye -ent hiyo hiyo, haibadiliki: mbili popote. Mpiga chapa naye, akiishiwa na nafasi, hukata fi-nis-sons na kutenganisha s mbili ambazo sikio husikia moja. Mwanasarufi hawezi kukubali: kwake ni fin-iss-ons, maana -iss- ndiyo alama ya kundi la finir.

Walimu wa Kifaransa, mlioko Bujumbura na mlioko Dar es Salaam, kabla ya kumkaririsha mwanafunzi jedwali la vitenzi mpeni penseli. Huyo amekwisha kuchambua tu-nge-imb-a katika somo la Kiswahili. Mwacheni aanze na chanterions.