Uteuzi wa Kitabu cha Pamoja: Msimu, Kura na Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo wasomi wa fasihi huzifanya bila ya kuzihesabu kuwa uhakiki ni ile ya kuteua. Mhakiki anapoandika kwamba Kichwamaji ni riwaya bora, hutakiwa atoe sababu. Kamati inapoamua kwamba watu ishirini wataisoma Kichwamaji kati ya Oktoba na Desemba, hakuna anayeidai sababu yoyote, ingawa uamuzi huu wa pili huenda ukawa na athari kubwa zaidi kwa maisha ya riwaya hiyo kuliko ule wa kwanza. Makala haya yanakusudia kuuchunguza uteuzi wa namna hii katika muktadha mmoja mahususi, yaani chama cha wasomaji kinachojiwekea shindano la msimu. Katika shindano kama hilo, kila mwanachama huahidi kusoma idadi fulani ya vitabu katika miezi mitatu au minne. Kati ya hivyo, viwili au vitatu huwa ni vya pamoja, vikasomwa na wote na kujadiliwa vikaoni. Hivi vya pamoja ndivyo vinavyotuhusu. Vile ambavyo mtu hujisomea peke yake ni shauri lake na nafsi yake.

Suala hili lina uzito wake nchini Kenya kwa sababu moja iliyo wazi. Kitabu cha Kiswahili kinachosomwa na watu wengi kwa wakati mmoja, mara nyingi, ni kitabu teule cha mtihani. Kuna kizazi kilichosoma Siku Njema ya Ken Walibora, kingine Utengano na Kifo Kisimani, kingine Kidagaa Kimemwozea, kingine Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Muda wa kutahiniwa ukiisha, nakala huteremka barabarani, zikauzwa na wachuuzi wa vitabu vikuukuu, pambizo zake zimejaa maandishi ya kalamu ya risasi: maudhui, sifa za mhusika, umuhimu wa dondoo. Chama kinachotafuta nakala ishirini za bei nafuu hukutana kwanza na hizi. Hans Robert Jauss alizungumzia upeo wa matarajio ambao msomaji huja nao kwenye matini. Hapa upeo huo umejengwa na mtahini, na mara nyingine msomaji amesoma mwongozo kabla ya kuisoma riwaya yenyewe. Watu wazima hukutana, wakaketi, na bila ya kukusudia wakaanza kuorodhesha sifa sita za Maimuna. Swali la kwanza la mteuzi, basi, ni kama kitabu anachokipendekeza kiko huru na mtihani na, kama hakiko huru, kitakombolewa kwa njia gani.

Msimu

Desturi ya kuteua vitabu kwa kufuata majira ya mwaka imeshamiri sana Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako kuna vitabu vinavyodhaniwa kufaa ufukweni wakati wa joto na vingine vya kusomwa kando ya moto wakati wa baridi. Si haki, hata hivyo, kudai kwamba usomaji wa pamoja wa msimu ni jambo geni kwa Waswahili. Ukifika Mfungo Sita, mwambao mzima husoma Maulidi ya Barzanji, na Lamu hupokea wageni kutoka pande nyingi. Hamziya, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili cha kale iliyotungwa na Sayyid Aidarusi, ni matini ya kughaniwa hadharani. Usiku wa Ramadhani una darsa zake. Nazo tendi ndefu, tangu Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ziliandikwa zipate kusomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji.

Yafaa kutambua tofauti moja. Katika desturi hizi matini haiteuliwi upya kila mwaka. Msimu huirejesha ile ile. Aidha, uhusiano wa matini na msimu hautokani na hali ya hewa bali na nafasi ambayo jamii imeitenga ili watu wakutane. Chama kinachochagua Utubora Mkulima kwa ajili ya masika, kwa kuwa Utubora anaacha kazi ya mjini na kurudi shamba, kimeifanya riwaya ya Shaaban Robert kuwa pambo la kalenda. Swali zito la riwaya hiyo, yaani thamani ya mtu inapopimwa kwa mshahara na inapopimwa kwa utu, halingojei mvua. Mteuzi wa Kenya angefaidika zaidi kwa kuichunguza kalenda ya shule kuliko kulitazama wingu. Wengi wa wasomaji wa riwaya ya Kiswahili ni walimu. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huonekana kuwa wakati mwafaka, lakini ndio wakati ambapo baadhi yao huwa wamo katika vituo vya kusahihishia mitihani, na mtu aliyeshinda akisahihisha insha asubuhi hadi jioni hahitaji kupewa Dunia Uwanja wa Fujo usiku.

Wingi wa Kurasa

Kigezo kinachotumiwa zaidi, na kinachopotosha zaidi, ni unene wa kitabu. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni kitabu chembamba mno. Kwa hivyo huteuliwa kuwa kitabu cha wiki mbili, katikati ya viwili vinene, mithili ya kituo cha kupumzikia. Matokeo yake ni kikao ambacho nusu ya waliohudhuria hawakuimaliza na nusu nyingine imeimaliza bila ya kuambulia kitu. Riwaya hii haina njia iliyonyooka. Matukio yake hayafuati mantiki ya kawaida ya sababu na tokeo, na msomaji hupitishwa katika mandhari ya ndoto, falsafa na dini. Kurasa zake chache zahitaji vikao vitatu. Na kwa hakika Nagona ni miongoni mwa vitabu vinavyofaa zaidi kusomwa kwa pamoja, mradi kiteuliwe kwa sababu ya ugumu wake, si kwa wembamba wake: msomaji mmoja aliyelelewa katika Ukatoliki, wa pili mwenye kuijua Kurani, wa tatu aliyesoma falsafa, kila mmoja hushika uzi ambao wenziwe hawakuuona. Ukiisha kusomwa hivyo, Mzingile (1991) yaweza kufuata.

Kuna upande wa pili ambao idara za fasihi huudharau. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) ni riwaya ya upelelezi, na wapelelezi huingizwa katika kapu la fasihi pendwa na kusahauliwa humo. Lakini kwa chama kinachokutana kila wiki, riwaya ya Bwana Msa ina sifa ambayo riwaya nyingi za kifalsafa hazina: huweza kukatwa. Mapengo ambayo Wolfgang Iser aliyaona kuwa ndiyo yanayomshughulisha msomaji huwa hapa ni siku saba kamili, na watu huja kikaoni na dhana zao, wakabishana juu ya ushahidi uliomo katika matini yenyewe, jambo ambalo wahadhiri wengi hawajafaulu kuwafundisha wanafunzi wao kwa muhula mzima. Sharti ni moja tu: asiwepo wa kusoma mbele akatoboa siri.

Lugha nayo ihesabiwe. Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972) imeandikwa kwa Kiswahili cha Unguja kilichokolea, na msomaji wa bara anaweza kuisoma nusu nzima akikisia. Wako wanaoitoa kwenye orodha kwa sababu hiyo. Sababu hiyo hiyo ndiyo ingepasa kuiingiza. Kitabu ambacho kila mtu angekimudu peke yake hakina haja kubwa ya kikao.

Kura na Zamu

Njia iliyozoeleka ya kuteua ni kura. Kila mwanachama hupendekeza, majina huandikwa, mikono huinuliwa. Inaonekana kuwa ni haki, na katika kuamua siku ya kukutana haina kasoro. Katika kuteua kitabu, kura ina ila kwamba humwuliza mtu juu ya asichokijua. Kitabu kisichojulikana hakipati mkono hata mmoja. Kile kinachojulikana hupata mingi, ingawa waliokipigia wamekwisha kukisoma. Kura, kwa maneno mengine, hupima usomaji uliopita.

Chukua mfano wa Shafi Adam Shafi. Vuta N'kuvute (1999) hushinda kura kwa urahisi, hasa baada ya filamu iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021, na inastahili kushinda: kisa cha Yasmin anayekimbia ndoa ya mzee Raza na kukutana na Denge, mwanaharakati wa siasa, ni miongoni mwa visa vilivyosimuliwa vizuri zaidi katika riwaya ya Kiswahili. Hata hivyo, Kuli (1979), inayowahusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, huachwa nje. Asiyeisoma Kuli humwona Denge kana kwamba ameanguka kutoka mbinguni na makaratasi yake ya siri. Aliyeisoma hujua kwamba chini ya siasa za miaka ya 1950 kulikuwa na migongo iliyobeba magunia. Kura haiwezi kuuona uhusiano huo kwa kuwa huhesabu vitabu kimoja kimoja.

Kinachofaa zaidi ni zamu. Mwanachama mmoja hupewa msimu, huteua, na huandika ukurasa mmoja wa sababu unaosomwa kabla ya kitabu kuanzwa. Kwa njia hii uteuzi hugeuka kuwa uhakiki unaoweza kupingwa. Kitabu kikichusha, mwenyewe yupo, aulizwe. Pingamizi la haki ni kwamba zamu huweza kumpa mamlaka mhadhiri, ikiwa yumo, akakigeuza chama kuwa darasa. Dawa yake ni ndogo: zamu ya mhadhiri iwe ya mwisho.

Mabinti Watatu

Mfano wa msimu ulioteuliwa kwa sababu za kihakiki unaweza kujengwa kwa matini tatu: Utendi wa Mwana Kupona (takriban 1858), Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Utendi una beti zipatazo mia moja, na huweza kusomwa kwa sauti jioni moja. Riwaya mbili zipewe mwezi mmoja mmoja.

Matini zote tatu zinahusu namna ya kumlea binti. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anamwusia bintiye akiwa mgonjwa: dini, adabu, mume, nyumba. Wahakiki wamegawanyika juu yake. Wako wanaouona utendi huu kuwa hati ya utiifu, na wako wanaosikia ndani yake sauti ya mwanamke anayejua hasa jinsi nyumba inavyotawaliwa. Mjadala huo hujirudia kila unaposomwa, na kwa kawaida huishia pale pale. Kinachoweza kuusogeza mbele ni kuendelea kusoma. Katika Rosa Mistika, wasia umegeuka kipigo. Zakaria anamlinda Rosa kwa ukali hadi barua ya mvulana inakuwa jinai, na binti aliyefungiwa hivyo akiachiliwa hana silaha yoyote, mwishowe anajiua. Riwaya hii ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania ilipotoka, na chama hakitakosa kuuliza ni kitu gani hasa kilichowatisha wakubwa: mwenendo wa Rosa au picha ya baba. Katika Utengano, Maimuna naye anatawishwa na Bwana Maksuudi, naye anatoroka na kuporomoka, lakini anabaki hai.

Msomaji wa peke yake humhukumu Zakaria, akamhukumu na Maksuudi, kisha akakifunga kitabu. Hukumu hiyo ni sahihi, ila ni nyepesi. Usomaji unaoanzia kwa Mwana Kupona hauwezi kuishia kwa akina baba, kwa sababu msomaji amekwisha kumsikia mama. Humlazimu aulize: Regina, mkewe Zakaria, anasema nini na bintiye? Bi Tamima, anayetawishwa pamoja na Maimuna na hatimaye kutalikiwa, amemwachia bintiye wasia gani? Ni machache mno. Mwana Kupona alikuwa na maneno hata akiwa kitandani. Mama hawa wawili wa riwaya wana vilio. Kati ya utendi na riwaya kumepotea jambo, nalo si utii wala uhuru. Ni mazungumzo ya mama na binti, yenye mila ndani yake, ambayo mwanamume hakuyaingilia. Iwapo Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed waliliona pengo hilo au walilizalisha bila kujua, hapo ndipo penye hoja ya kikao, na wanachama wenye mabinti wazima hawatakuwa na jibu moja na wale ambao wangali mabinti.

Mpangilio huu ukibadilishwa, hoja hupotea. Chama kikianza na Utengano, ambayo wengi waliisomea mtihani, kitarejea kwenye sifa za wahusika. Kikimaliza na utendi, utaonekana kuwa ukale wa kushangaliwa. Utendi utangulie, usomwe na mtu mwenye kukijua Kiamu, polepole, na maneno yafafanuliwe palipo na haja. Kisha, mwisho wa mwezi wa tatu, zirudiwe beti zake za mwanzo peke yake, ambapo mama anamwita bintiye asogee na wino na karatasi. Binti hasemi neno katika utendi mzima, lakini wino uko mkononi mwake, na wasomaji watakaomtazama safari hii watakuwa wametoka kwa Rosa na Maimuna.