Michirizi ya Nyota Pwani ya Tanga

Anayetaka kupiga picha za michirizi ya nyota pwani ya Tanga sharti kwanza ayajue maji. Usiku unaomfaa ni ule usio na mwezi, na siku hizo ndizo za bamvua, maji yanapopanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Hupwa kama saa nne usiku, kisha huanza kurudi, na kama saa kumi alfajiri yamejaa tele. Aliyesimika stendi ya kamera mchangani baada ya isha hukuta ufuko mpana mtupu. Asipopiga hesabu, mawimbi yanafika miguuni mwa stendi kabla kazi haijakwisha. Ndiyo maana wengine huona heri kupanda juu, penye kuta za msikiti na makaburi ya kale ya Tongoni, kusini mwa mji, mbali kidogo na taa za barabarani.

Kazi yenyewe ni ya subira. Nyota husogea nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika nne. Zamani filamu iliachwa wazi kwa saa nzima au zaidi. Siku hizi hupigwa picha nyingi za nusu dakika mfululizo, kisha kompyuta ikaziunganisha. Betri ikizimika katikati, kila mstari hukatika mahali pamoja, na hakuna ufundi wa kuuziba bila kudanganya. Umande nao, ukichanganyika na chumvi ya bahari, hutanda kwenye lenzi bila kubisha hodi.

Malipo yake hayapatikani Ulaya. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo ukielekeza kamera mashariki, nyota huchomoza baharini karibu wima, zikiegemea kaskazini kidogo tu. Ukiigeuza kusini, michirizi huzunguka kitovu kilicho juu kidogo ya upeo. Kaskazini, matao huzunguka kitovu kilichojificha chini ya upeo. Huko ndiko iliko Nyota ya Kaskazini, isiyoonekana Tanga kamwe. Manahodha waliokwenda Uarabuni kwa kusi walianza kuiona baada ya kuvuka ikweta, ikipanda kadiri walivyosonga mbele.

Picha hizo mbili, ya kusini na ya kaskazini, zikiwekwa mezani kwenye baraza ya kahawa, anayedai kuwa dunia ni bapa kama sinia hana pa kushika. Sinia lenye kitovu kimoja kaskazini haliwezi kuzaa vitovu viwili vya mbingu. Anayesema dunia ni mviringo ila imetulia, mbingu ndizo zinazozunguka, huyo bado yupo mchezoni. Mchirizi hautaji nani anayezunguka.

Hilo halikuwa fumbo la wajinga. Katika karne ya 10 mnajimu al-Sijzi alitengeneza astrolabu, chombo cha kupimia nyota, iliyojengwa juu ya wazo kwamba dunia ndiyo inayozunguka, na al-Biruni, aliyeisifu, aliona kuwa hesabu za nyota hutoka sawa kwa rai zote mbili. Copernicus alichapisha kitabu chake cha kudai kuwa dunia huzunguka mwaka 1543, naye pia hakuwa na jaribio la kumshika mtu mkono na kumwonyesha. Lilipatikana Paris mwaka 1851, pale Foucault alipotundika pendulamu ndefu na watu wakaona njia yake ikigeuka polepole, kwa kuwa dunia ilikuwa ikizunguka chini yake. Paris mzunguko mmoja huchukua saa 32 hivi. Tanga ungechukua siku 11. Kwenye ikweta yenyewe, pendulamu isingegeuka hata kidogo.

Lakini pwani hii ina ushahidi wake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, siku Kenya ikiadhimisha uhuru wake. Roketi ilielekezwa mashariki kwa sababu karibu na ikweta dunia huzunguka kuelekea huko kwa mita 460 hivi kwa sekunde, na mwendo huo roketi huwa nao hata kabla haijawashwa.